Mvinyo

Usiku wa kumi na saba wa Ramadhani,
ghorofa ya tatu, Hilltown, mjini Dundee,
nimeingiza mvinyo nyumbani.

Usinitazame hivyo. Ni jina tu la programu.
Walioiunda walikuwa na mzaha wao,
mimi nikaachiwa kuueleza kwa mama mkwe,
ambaye simu yake kutoka Tanga ilikuwa wazi mezani
niliposema, "Alhamdulillahi, mvinyo umeingia."
Kimya.
Kisha: "Umeingia wapi?"

Kisa ni mashine ya Senga Petrie.
Amestaafu, vidole vimekataa,
akaniuzia kwa bei ya jozi ya viatu cherehani ya kutarizi
na sidii ya programu yake, ya mwaka elfu mbili na nne,
ndani ya bahasha yenye doa la chai.
Shule ya Craigbank inataka nembo sabini:
bata maji, ngazi, na maneno ya Kilatini
juu ya sweta za kijani, kabla ya Jumatatu.

Kompyuta yangu ni ile aliyoifufua Nassoro,
mtoto wa kaka yangu. Aliing'oa madirisha
akaiwekea pengwini. "Ya bure, shangazi, na haizeeki."
Kweli haizeeki. Ila sidii ya Senga
inajua kuongea na madirisha peke yake.
Pengwini akaitazama
kama karani wa uhamiaji atazamavyo paspoti iliyolowa.

Ndipo mvinyo.
Si kuiga, Nassoro alinifafanulia,
si kujenga nyumba bandia ndani ya nyumba.
Ni mkalimani. Anakaa katikati,
anapokea ombi huku, analisema kule.

Ah! Hapo nikaelewa. Jumanne na Alhamisi
hiyo ndiyo kazi yangu, hospitali ya Ninewells.
Wiki yangu ya kwanza, mzee mmoja wa Uvira
alisema anasikia maumivu. Nikapeleka neno kwa neno.
Daktari akachukua kurunzi, akamchungulia sikio.
Tangu siku hiyo sipeleki maneno.
Napeleka mguu unaouma.

Saa saba usiku. Programu inauliza: diski C iko wapi?
Mvinyo unajibu bila kupepesa: hii hapa.
Hakuna diski C. Kuna folda iliyovikwa kilemba.
Inataka fonti yake, inapewa binamu wa fonti.
Inadai faili lenye jina kama namba ya gari.
Halipo. Inaanguka.
Nalitafuta, naliweka, inaanguka mbele kidogo.
Maandishi yanatoka visanduku visanduku.
Nakunywa uji uliobaki wa futari, umeganda.
Shakwe anapiga kelele juu ya bomba la moshi
kana kwamba yeye ndiye mwenye oda ya sweta.
Tena.

Saa tisa kasorobo ikafunguka.
Kijivu cha ofisi zilizofungwa zamani,
kisaa cha mchanga kikipinduka,
na salamu: Karibu tena, Senga.

Haijui kwamba imehama.
Inaagiza kwa lugha ya kwao, inatimiziwa,
hakuna anayeiambia irudie, polepole,
hakuna anayeiuliza, lakini hasa kwenu ni wapi?
Miaka kumi na mmoja nipo hapa.
Nikaionea wivu, kidogo,
programu ya kutarizi mabata.

Sindano ikashuka.
Bata wa kwanza akatoka hana jicho.
Wa pili alikuwa nalo.
Kitufe cha kufunga hakifanyi kazi,
sikukigusa tena.

Wakati wa daku simu ikalia. Tanga kumekucha.
"Mwanangu, nimekuombea usiku kucha.
Umeshaumwaga ule mvinyo?"
Nikaisogeza simu karibu na sindano,
asikie mwenyewe.

"Bado, mama. Unashona."